Saa Kumi na Mbili za Giza

Saa sita mchana, jua la Februari likiimulika theluji ya Bonde la Slocan kwa ukali wa kuumiza macho, ndani ya jengo la mbao la Agafia ulikuwa usiku wa manane. Usiku huo aliupanga mwenyewe. Taa za chumba cha maua ziliwaka tangu saa mbili usiku, ili joto lake lisaidie kulipasha jengo wakati baridi ya milimani ilipokuwa kali zaidi, na zilizimika saa mbili asubuhi. Kuanzia hapo mibangi arobaini na minane, iliyokuwa katika wiki yake ya tano ya kuchanua, ilipaswa kupata saa kumi na mbili za giza lisilo na tundu.

Alikuwa na sababu ya kulilinda giza hilo kama mtu anayelinda usingizi wa mgonjwa. Mavuno yaliyotangulia yaliharibiwa na kitaa chekundu kisichozidi punje ya mtama, kwenye soketi iliyosahauliwa chini ya meza. Kiliwaka usiku wote wa mimea, na mimea iliyokuwa karibu nacho ikachanganyikiwa. Katikati ya maua ya kike vikachomoza vijiti vya manjano vyenye chavua, ambavyo wakulima wa bonde lile huviita ndizi. Kufikia siku ya kuvuna, kila ua lilikuwa limejaa mbegu. Mnunuzi, mtu mpole aliyechukia kugombana, alirudisha mzigo wote na kumwambia, "Ikitokea tena, Agafia, itabidi nitafute bustani nyingine." Hakukuwa na mnunuzi mwingine aliyekuwa tayari kuchukua maua ya mkulima mdogo wa bondeni.

Baada ya hapo alibandika utepe mweusi juu ya kila kitaa. Aliing'oa hata kamera ya kuonea gizani, maana jicho lake lilikuwa na duara la wekundu hafifu kama kaa linalokaribia kuzimika. Kilichobaki ni vipimo vilivyotuma habari kwenye skrini ya ukumbi wa jengo na kwenye simu yake. Vilileta namba tatu tu: joto, unyevu na hewa ya ukaa. Alizisoma kila saa bila kufungua mlango. Ilipobidi aingie kukagua ukungu kwenye maua, alivaa kichwani tochi ya mwanga wa kijani, ambao mimea huuvumilia kuliko rangi nyingine. Tochi hiyo nayo ilikuwa na vituko vyake. Chini ya mwanga wake majani yalionekana wazi mpaka mishipa, lakini kitu chochote chekundu kiligeuka cheusi. Mkasi wake wenye mpini mwekundu alikwisha kuupoteza mara tatu mle ndani, ukiwa mbele ya macho yake.

Siku hiyo namba zilimpotea kwa muda, kwa sababu aliyepotea alikuwa baba yake.

Mzee Nikifor alikuwa na miaka themanini na mmoja. Alikuwa mkata magogo, na kwa miaka thelathini, kabla serikali haijaanza kutoa vibali kama kile kilichotundikwa ukumbini, alilima bangi kwa siri katika chumba cha chini cha nyumba yao. Sasa kumbukumbu zake zilikuwa zikimtoka, na alikuwa na kisukari. Saa nne na nusu asubuhi Agafia alikuwa amemchoma sindano yake ya insulini, akamtengea uji wa shayiri, akamfunga vifungo vya shati.

"Kula sasa hivi, Baba. Sindano imeshaingia."

"Uji huu umepikwa na nani?"

"Na mimi."

"Basi ngoja kwanza nisali."

Alicheka, na wakati uleule simu yake ikalia kumwarifu kwamba unyevu ulikuwa umepanda kwenye chumba cha miche. Akatoka. Dakika kumi, alijiambia. Lakini kichujio cha mashine ya kukausha hewa kilikuwa kimeziba, na kukifungua, kukiosha na kukirudisha, huku feni zikinguruma masikioni, kulimla saa mbili na ushei. Mnamo saa tano alihisi jengo likitetemeka, helikopta ikapita chini sana juu ya paa, naye hakuinua hata kichwa. Majira ya theluji helikopta hazikosekani bondeni.

Saa saba kasorobo alirudi nyumbani, akaukuta uji umeganda na kijiko kikiwa kikavu.

Aliita. Akapanda juu, akashuka. Buti za sufu za mzee zilikuwa nyuma ya mlango na koti lake lilikuwa kwenye msumari. Nje kulikuwa na nyuzi kumi na sita chini ya sifuri. Alifungua nyumba ya kuogea kwa mvuke, akakuta mawe baridi. Alifungua banda la kuni, akainama kutazama hata nyuma ya rundo, mahali ambapo paka asingeweza kupita. Theluji iliyoanguka usiku ilikuwa laini pande zote, bila alama ya mguu. Njia iliyokwanguliwa tu, ile ya kutoka mlangoni kwenda jengoni na kisha barabarani, ndiyo isiyoweza kutunza nyayo. Aliitazama njia ile, akaiona barabara. Ni barabara tu aliyoiona.

Aliwapigia simu watu wa dharura, wakamwambia kwamba, kwa sababu ya barafu, gari lingechukua dakika arobaini. Kisha akampigia Lukeria, jirani yake, mjane aliyemzidi umri kwa miaka ishirini, ambaye alizoea kumwita Shangazi Lusha.

"Shangazi Lusha, Baba yuko kwako?"

"Kwangu? Afuate nini? Mara ya mwisho aliniambia supu yangu ya borshti ni maji ya kuoshea miguu."

"Hayupo nyumbani. Buti zake zipo. Koti lipo."

"Amekula?"

"Hajala. Na nilishamchoma sindano."

"Saa ngapi?"

"Nne na nusu."

"Mungu wangu! Natoa gari sasa hivi. Nitashuka na barabara mpaka darajani. Wewe tafuta hapohapo, mwanangu. Wazee hawaendi mbali, wanajificha tu ili tuwakumbuke."

Agafia alikimbia mpaka kwenye sanduku la barua, akaita mpaka koo likamkwaruza, akarudi. Alijua insulini inavyofanya kazi kwa mtu asiyekula. Kwanza mikono hutetemeka, kisha jasho la baridi, kisha maneno huchanganyika, kisha usingizi. Alihesabu saa kwa vidole vilivyokufa ganzi, na hesabu haikumpa faraja. Simu ikalia.

"Nimefika darajani, hamna mtu," Lukeria alisema. "Dukani nao hawajamwona. Wanachozungumza ni ile helikopta tu, ati inatafuta watu wawili waliokuwa wakiteleza kwenye theluji wakafunikwa nayo huko juu. Imenipasua kichwa asubuhi, mbwa wangu mpaka sasa yuko chini ya kitanda. Haloo? Unanisikia?"

Agafia alikuwa amesimama uani, simu ikiwa sikioni, akitazama juu.

Alikuwa na miaka kumi na miwili helikopta ya polisi ilipozunguka juu ya nyumba yao. Baba yake alimshika mkono wakateremka chumba cha chini, akamketisha sakafuni katikati ya mimea na kuzima kila kitu. "Watu hutafuta panapowaka," alimnong'oneza. "Humu hawatakuona. Usiwashe taa, hata ukinisikia mimi mwenyewe nakuita." Kisha akapanda juu kuwafungulia mlango. Akafungwa miezi minane. Agafia alikaa gizani hadi mama yake alipokuja kumchukua, na katika muda huo wote hakuitika jina lake.

"Amejificha," alisema. "Shangazi, rudi. Amewakimbia polisi."

"Polisi gani?"

Agafia alikuwa tayari anateremka ngazi za chumba cha chini. Alisukuma mlango kwa bega, akawasha balbu. Kulikuwa na mitungi ya kabichi iliyochachushwa, magunia ya viazi, na ndoano tupu darini ziliponing'inia taa za zamani. Alisogeza magunia yote. Alijikuta anayapapasa kwa mikono, kana kwamba macho yake yangeweza kumficha kitu. Chumba kilikuwa kitupu, na hakuwa na mahali pengine pa kufikiria isipokuwa mtoni, chini ya daraja.

Hapo ndipo simu ilipotoa mlio ule mwingine, wa jengoni. Hewa ya ukaa katika chumba cha maua ilikuwa imevuka elfu moja na mia tano.

Mawazo yake ya kwanza yalikuwa ya mkulima, na baadaye alijichukia kwa sababu hiyo. Aliwaza juu ya mtungi. Ukumbini, nje ya mlango wa chumba cha maua, kulikuwa na mtungi wa hewa ya ukaa, ambayo mimea hulishwa taa zikiwaka. Gizani haiihitaji. Kama vali imekwama wazi, chumba kitajaa hewa isiyo na rangi wala harufu, na mtu akiingia bila kujua ataanguka kabla hajageuka. Ilimbidi akaifunge, kisha aendelee kutafuta. Alipita njia iliyokwanguliwa akikimbia.

Vali ilikuwa imefungwa. Sindano ya kipimo cha hewa inayotoka mtungini ililala kwenye sifuri. Alikigonga kioo chake kwa ukucha na haikutikisika.

Akaitazama skrini. Namba ilisema elfu moja mia tano na arobaini.

Aliujua mteremko wa usiku wa mimea kama alivyozijua ngazi za nyumba yake. Gizani mimea nayo hutoa hewa hiyo, na namba hupanda polepole kutoka mia tano hadi kama mia tisa kufikia jioni, kila siku vilevile. Alivuta mchoro wa asubuhi. Mstari ulipanda kwa unyonge wake wa kawaida hadi saa tano na dakika chache, kisha ukapinda kwenda juu zaidi, bila mruko, kwa mwendo uleule wa subira dakika hadi dakika. Mtungi unapovuja, namba huruka kwa maelfu. Hii haikuruka. Kitu kilikuwa mle ndani kwa muda wa saa mbili, na kitu hicho kilikuwa kinapumua.

Mwisho wa mstari ulikuwa karibu kulala, kana kwamba pumzi ile ilikuwa inapungua. Elfu moja mia tano na arobaini. Elfu moja mia tano na arobaini na mbili. Elfu moja mia tano na arobaini na mbili.

Mkono wake ulikwenda ukutani. Hapo palikuwa na swichi kubwa ya dharura ya kuwasha taa zote, na kando yake, kwenye kulabu, tochi ya kijani. Mkono ukachukua tochi. Hakuuamuru. Ulifanya ulichozoea kukifanya kila siku mbele ya mlango ule.

Alipita mlango, akapita pazia jeusi la kwanza na la pili. Joto la mle ndani lilimgusa usoni pamoja na harufu nzito ya utomvu na gome bichi. "Baba?" Feni zilimeza sauti yake. Alipita ujia wa kwanza akimulika chini ya meza, na majani yakajitokeza mbele yake moja moja, safi, yenye utulivu wa kutisha. Hakukuwa na mtu. Akapita ujia wa pili. Kwenye kona, kando ya pipa la maji, palikuwa na kivuli. Alikimulika, akakipita. Ujia wa tatu ulikuwa mtupu.

Alisimama mwishoni mwa chumba akihema, akaanza kuogopa kwamba alikuwa amejidanganya, kwamba kipimo kilikuwa kibovu, kwamba wakati yeye akikagua majani mzee alikuwa amelala kwenye theluji mahali fulani akiwa na soksi tu na lile shati.

Shati. Alilifunga vifungo mwenyewe asubuhi. Lilikuwa shati la sufu la mkata magogo, la miraba myekundu.

Alirudi kwenye kona ya pipa, akanyoosha mkono ndani ya kile kivuli, na vidole vyake vikagusa sufu iliyolowa jasho.

"Baba. Baba, ni mimi."

"Zima," kivuli kilisema. Ulimi wake ulikuwa mzito, na alimwita kwa jina lake la utotoni. "Gasha, zima hiyo. Wako juu."

"Hawapo. Wamekwenda. Inuka tutoke."

"Mjinga wewe. Utatufungisha wote."

Alimshika kwapani akavuta. Mzee alikuwa amekumbatia mguu wa meza kwa mikono iliyoangusha misonobari kwa miaka arobaini, na haikuachia. Mwili wake ulitetemeka, ukatulia, ukatetemeka tena. Agafia alimwinamia usoni. Chini ya tochi ile kila uso ulikuwa wa maiti. Hakuweza kuona kama midomo ilikuwa ya bluu au ya kawaida, kama macho yalikuwa yakimtazama au yamegeuka juu. Akimtia kitu mdomoni bila kuona, angeweza kumziba koo.

"Fungua mdomo, Baba. Unaweza kumeza? Baba!"

Hakujibu.

Mbele yake, sentimita chache kutoka paji la uso wake, ua moja lilining'inia, limejaa, halijakomaa, limelala. Alilitazama. Ilikuwa kwa muda mfupi tu, lakini hata leo hapendi kuupima muda huo. Kisha akainuka, akakimbia akiyararua mapazia, akaibamiza swichi kwa kiganja.

Taa kumi na mbili ziliguna, zikapata nguvu, na mchana mweupe ukaanguka juu ya wiki ya tano. Ukumbini, chini ya skrini, palikuwa na ndoo ya molasi, shira ya miwa aliyozoea kuichanganya na maji ya mimea. Alichovya vidole mpaka kwenye kifundo, akarudi. Sasa alimwona. Midomo ilikuwa ya kijivu na macho yalikuwa nusu wazi, lakini koo lilipanda na kushuka. Alimpaka molasi kwenye fizi, ndani ya shavu, chini ya ulimi, akasugua. Akachovya tena. Mzee akamng'ata.

"Ng'ata," alimwambia huku machozi yakimchuruzika. "Ng'ata tu. Meza."

"Taa," mzee alisema baada ya dakika kadhaa, akilia kama mtoto. "Umewasha taa. Wataona."

"Waache waone."

Hivyo ndivyo Lukeria alivyowakuta, akiwa amefuata mwanga uliomwagika ukumbini. Alifunika macho kwa glavu. "Jamani, mmeficha kiangazi humu!" Kisha akaona uso wa mzee, utani ukamkauka, akapiga magoti upande wa pili na kuvua koti lake. "Nikifor! Wee mzee mkorofi, nitazame. Borshti yangu ina nini?"

Mzee alilamba molasi midomoni. "Haina chumvi," alisema.

Ndipo Lukeria naye akaanza kulia.

Watu wa dharura walipomtoa kwa machela, taa zilikuwa zimewaka kwa dakika hamsini. Agafia alizizima mwenyewe akitoka, ingawa hakujua tena kulikuwa na maana gani.

Baada ya wiki mbili, saa tatu usiku, mimea ikiwa katika mchana wake halali, alikuwa anaikagua ua kwa ua kwa miwani ya kukuzia, na baba yake akiwa kwenye kiti kando yake. Tangu arudi kutoka hospitali Agafia hakumwacha peke yake. Kwenye mmea wa kumi na saba, kati ya nywele nyeupe za ua, aliiona ndizi ya kwanza. Kufikia mwisho wa ujia alikuwa amehesabu mimea sita yenye ndizi. Alianza kuitia kwenye mifuko taratibu, bila kuitikisa.

Mzee alinyoosha shingo. Mambo mengi yalikuwa yamemtoka, lakini hili lilikuwa halijamtoka. "Hiyo imeona mwanga," alisema kwa ukali. "Nani amewasha taa gizani?"

"Mimi, Baba."

"Wewe? Nilikufundisha nini mimi?"

"Nisiwashe hata ukiniita."

"Sasa ukawasha kwa nini?"

Agafia alikuwa anafunga mdomo wa mfuko. "Hukuniita," alisema.

Mzee alimtazama, asielewe, akatikisa kichwa kwa masikitiko ya fundi mbele ya kazi iliyoharibika. Mimea arobaini na miwili ilibaki. Mnunuzi angekuja mwezi ujao na kulivunja ua kwa vidole vyake vipole akitafuta mbegu, na Agafia hakujua mtu huyo angesema nini.

Saa mbili asubuhi giza liliingia tena kwenye chumba cha maua. Mlango wake sasa ulikuwa na kitasa kipya, na ufunguo ulining'inia shingoni mwa Agafia. Bado, mnamo saa tano, alipoisikia helikopta ikipanda bonde kutoka kusini, alijikuta mbele ya skrini, akiwa amemshika baba yake mkono. Namba ilikuwa mia sita na kumi. Aliisubiri. Mia sita na kumi na moja. Mzee aliitazama dari, na ndani ya kiganja chake Agafia alihisi vidole vikianza, kwa nguvu kidogo tu, kujichomoa.